Bustani ya Kiangazi: Kilimo cha Mboga cha Pamoja na Kinga ya Magonjwa Sugu Bukene

Bukene ni mji mdogo wa Wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, uliopo kando ya reli ya Tabora hadi Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Kabla ya reli, nchi hii ya Wanyamwezi ilikuwa mapito ya misafara. Wapagazi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo na shanga, nao waliishi kwa chakula walichonunua katika vijiji vya njiani. Miembe iliyoota enzi hizo bado inaonyesha sehemu za njia ya zamani kati ya Tabora na pwani.

Anayefika Bukene mwezi wa Februari huiona nchi ikiwa ya kijani. Mpunga umesimama mbugani, mahindi na karanga vimo shambani, na mlenda, mgagani, mchicha na majani ya maboga huchumwa karibu na nyumba bila kununuliwa. Akirudi mwezi wa Septemba huikuta ardhi imekauka. Mvua za ukanda huu huanza kwa kawaida mwezi Novemba na kukoma kati ya Aprili na Mei, kisha hufuata miezi kama mitano isiyo na mvua ya maana. Ugali na wali hubaki mezani, lakini mboga mbichi hupungua na bei yake hupanda.

Tofauti hii kati ya sahani ya Februari na sahani ya Septemba ina uzito wa kitabibu. Mwili unaohitaji mboga kila siku haupumziki wakati wa kiangazi. Kwa sababu hiyo, bustani ya mboga inayolimwa kwa pamoja karibu na maji, katika miezi ambayo mashamba yamelala, ni miongoni mwa hatua za kinga zilizo ndani ya uwezo wa jamii ya Bukene yenyewe. Makala haya yanaeleza namna bustani hiyo inavyosaidia, mipaka yake, na mambo ambayo mgonjwa na mhudumu wa afya wanapaswa kuyaangalia.

Ukubwa wa tatizo

Shinikizo la juu la damu, kisukari, magonjwa ya moyo na kiharusi vilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa maradhi ya wenye mali na ya wakazi wa miji mikubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, uliowahusu Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha picha nyingine. Takriban asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu, yaani mtu mmoja kati ya wanne. Asilimia 9 walikuwa na kisukari. Takwimu inayohusu bustani moja kwa moja ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote: asilimia 97 hawakufikisha kiwango kinachoshauriwa cha matunda na mboga.

Kiwango hicho, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ni angalau gramu 400 kwa mtu mzima kwa siku, zikigawanywa katika milo mitano ya gramu 80. Gramu 80 za mboga ya majani iliyopikwa ni kama nusu kikombe. Kijiko kimoja cha mlenda kilichowekwa pembeni mwa tonge la ugali hakifiki hapo. Familia ya watu wazima watano ingehitaji kilo mbili za mboga na matunda kila siku. Katika kiangazi, kiasi hicho kikinunuliwa chote sokoni, ni kaya chache zinazoweza kukimudu.

Mboga na jembe vinavyofanya kazi mwilini

Mboga za majani husaidia kwa njia tatu zinazoeleweka vizuri. Njia ya kwanza ni madini ya potasiamu. Chumvi ina sodiamu, na sodiamu inapozidi mwilini huvuta maji na kuongeza shinikizo katika mishipa ya damu. Potasiamu husaidia figo kuitoa sodiamu kwa njia ya mkojo na huilegeza mishipa. Njia ya pili ni nyuzinyuzi, ambazo hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu baada ya mlo, hushibisha mapema na hupunguza lehemu mbaya. Ya tatu ni nafasi katika sahani: mboga inapochukua nusu ya sahani, ugali wa sembe au wali mweupe hulazimika kupungua.

Jaribio maarufu lililofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1997 lilipima jambo hili kwa watu 459. Waliopewa mlo wenye matunda na mboga kwa wingi, pamoja na maziwa yenye mafuta kidogo, walishuka shinikizo la juu (ile namba ya kwanza inayotajwa kwenye kipimo) kwa wastani wa milimita 5.5 za zebaki kwa kulinganishwa na waliokula mlo wa kawaida. Kwa waliokuwa tayari na ugonjwa wa shinikizo, tofauti ilifika milimita 11.4, ambayo inakaribia mafanikio ya dawa moja. Matokeo hayo yalionekana ndani ya wiki chache.

Faida nyingine hutokana na kazi yenyewe. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu kwa urahisi zaidi, hata pale insulini isipofanya kazi yake ipasavyo. Watu wazima wanashauriwa kufanya shughuli za mwili za nguvu ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mkulima wa Bukene huvuka kiwango hicho wakati wa kulima na kuvuna, lakini kazi hupungua sana mavuno yakishaingia ghalani. Mfanyabiashara wa duka, mwendesha bodaboda, mwalimu na karani hukaa mwaka mzima. Kuchota maji, kupalilia na kugeuza samadi kwa nusu saa, siku tano kwa wiki, kunatimiza dakika 150.

Ushahidi wa bustani

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika eneo la Denver, Marekani, likiwahusisha watu wazima 291 ambao hawakuwa watunza bustani. Nusu yao walipewa sehemu katika bustani za jamii kwa kupangwa kwa bahati nasibu, na nusu wakasubiri. Waliolima waliongeza ulaji wa nyuzinyuzi kwa takriban gramu 1.4 kwa siku, waliongeza shughuli za mwili kwa karibu dakika sita kwa siku, na msongo wa mawazo pamoja na wasiwasi vilipungua. Uzito na mzunguko wa kiuno havikutofautiana. Funzo lake ni la wastani na la kweli: bustani huongeza tabia njema kidogo kidogo, lakini haitoshi peke yake kuondoa unene.

Tanzania nayo ina ushahidi wake. Katika Wilaya ya Rufiji, mkoani Pwani, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia wanawake 1,006 katika vijiji 10. Katika vijiji vilivyochaguliwa, maafisa ugani na wahudumu wa afya wa jamii walishirikiana: kaya zilipata mbegu na mafunzo ya bustani, na wakati huohuo zikapata elimu ya lishe. Wanawake wa vijiji hivyo walikula, kwa wastani, nusu kundi la chakula zaidi kwa siku kuliko wenzao. Mkoani Singida, unaopakana na Tabora na wenye msimu mmoja wa mvua kama ilivyo Bukene, kaya 591 zilishiriki katika utafiti wa kilimo hai na lishe ulioanza mwaka 2016. Kila kijiji cha mradi kilimchagua mwanamke mmoja na mwanamume mmoja kuwa wakulima wa kuwafundisha wenzao. Watoto walikula vyakula vya aina nyingi zaidi, uhaba wa chakula ulipungua, dalili za sonona kwa wanawake zilipungua, na wanaume waliongeza msaada katika kazi za nyumbani.

Tafiti za Rufiji na Singida zililenga lishe ya wanawake na watoto, na bustani nyingi zilikuwa za kaya moja moja. Hata hivyo zinaonyesha mambo mawili yanayohitajika Bukene. La kwanza ni kwamba mbegu bila elimu ya lishe, au elimu bila mbegu, ni nusu ya kazi. La pili ni kwamba mwanamume akibaki nje ya mpango, bustani hugeuka mzigo mwingine juu ya kichwa cha mwanamke.

Maji ndiyo yanayoamua

Mpango wowote wa bustani ya kiangazi uanze kwa hesabu ya maji. Tuta la mboga lenye upana wa mita moja na urefu wa mita 10 huhitaji takriban lita 50 kwa siku wakati wa jua kali, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Kikundi cha watu 20, kila mmoja na tuta lake, kitahitaji lita 1,000, sawa na ndoo 50, kila siku. Kisima kikiwa kando ya bustani, kazi hiyo humalizika asubuhi na jioni bila kumchosha mtu. Kisima kikiwa mbali, bustani itakufa kabla ya Agosti, au itaishi kwa jasho la wanawake na watoto wachache.

Hapa ndipo ushirika unapopata maana. Kisima kimoja, uzio mmoja wa kuzuia mbuzi na ng'ombe, na zamu moja ya kumwagilia ni gharama zisizobebeka kwa kaya moja, lakini ni nyepesi kwa kaya 20. Wasukuma na Wanyamwezi wana desturi ya zamani ya kualikana kulima kwa makundi, na ngoma ya bugobogobo, inayochezwa kwa majembe, ni kumbukumbu hai ya kazi hiyo. Kikundi cha bustani hakihitaji kuanzishwa kutoka mwanzo, kwani kinaweza kuzaliwa ndani ya VICOBA, kwaya, kikundi cha wagonjwa wa kisukari au jirani wa kitongoji kimoja. Ardhi iombwe kwa serikali ya kijiji kwa maandishi, ili bustani isichukuliwe baada ya kustawi.

Sehemu zinazofaa ni kingo za mbuga, ambako udongo mzito hutunza unyevu na maji ya chini hayako mbali. Matandazo ya nyasi kavu au pumba za mpunga hupunguza maji yanayopotea, na samadi hulainisha udongo unaopasuka. Mchicha huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa, hivyo hufaa kupandwa kwa awamu, tuta moja kila baada ya wiki mbili, ili mboga isije yote siku moja kisha ikakosekana mwezi mzima. Matembele huchumwa mara nyingi kutoka mche mmoja. Mgagani, mnafu na majani ya kunde ni mboga za asili zinazostahimili joto kuliko kabichi, na mbegu zake zinaweza kutunzwa na kikundi chenyewe.

Jikoni

Faida iliyopatikana bustanini inaweza kupotea jikoni. Kosa la kwanza ni magadi. Mlenda na mboga ngumu hupikwa kwa magadi ili zilainike na kubaki na rangi ya kijani. Magadi yana sodiamu nyingi, ile ile inayopandisha shinikizo, na huharibu baadhi ya vitamini. Mgonjwa anayejivunia kuacha chumvi lakini akaendelea kula mlenda wa magadi hajaiacha sodiamu. Vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi navyo vina chumvi nyingi. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima hakizidi gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa jumla ya vyakula vyote. Nyanya, kitunguu, ndimu na karanga zilizosagwa hutoa ladha bila hatari hiyo.

Kosa la pili ni kuchemsha mboga kwa muda mrefu na kumwaga maji yake, kwa kuwa potasiamu na vitamini huondoka na maji hayo. Mboga ioshwe kwanza, ikatwe baadaye, na ipikwe kwa dakika chache.

Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, ni akiba ya busara ambayo wazee waliijua kabla ya majokofu. Ikikaushwa kivulini kwenye hewa, badala ya juani, hutunza zaidi viini vya vitamini A. Kaya inayokausha nsansa ya kutosha mwezi wa Machi na Aprili tayari imepunguza pengo la Septemba. Ugali wa dona, wenye nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, huikamilisha sahani hiyo.

Tahadhari kwa mgonjwa

Hatari kubwa inayoweza kuambatana na habari njema ya bustani ni mgonjwa kuacha dawa. Mboga haiponyi shinikizo la damu wala kisukari. Inapunguza hatari kwa mtu mzima wa afya, na kwa mgonjwa inaisaidia dawa kufanya kazi. Mtu ambaye vipimo vyake vimeshuka na kutulia anapaswa kuelewa kwamba huenda vimetulia kwa sababu anakunywa dawa. Uamuzi wa kupunguza dozi ni wa daktari au tabibu, baada ya vipimo. Anayeacha kimyakimya huenda asisikie dalili yoyote hadi siku ya kiharusi.

Wapo pia wagonjwa wanaohitaji maelekezo yao maalumu.

Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, akipunguza ugali na kuongeza kazi ya jembe bila dawa kurekebishwa, sukari yake inaweza kushuka mno. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Asiende bustanini na tumbo tupu, na awe na sukari mfukoni. Dalili zikianza, anywe vijiko vitatu vya chai vya sukari iliyokorogwa katika maji, apumzike, kisha ale.

Mwenye kisukari asilime peku. Ganzi ya miguu humfanya asihisi mwiba, na kidonda kidogo kinaweza kuishia katika kukatwa mguu. Avae viatu vilivyofunika vidole na akague nyayo zake kila jioni.

Mwenye ugonjwa wa figo uliokomaa anaweza kudhurika na potasiamu nyingi, kwani figo zake haziwezi kuitoa. Huyu apate ushauri wa mlo kabla ya kuongeza mboga. Anayetumia wafarini asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula bila kumweleza tabibu wake, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Kwa wote, dawa za kunyunyizia pamba na tumbaku zisipelekwe kwenye mboga, na vyombo vyake visichotewe maji hata vikioshwa. Kisima kifunikwe ili kisizalishe mbu wala kuhatarisha watoto. Tumbaku, zao maarufu la Mkoa wa Tabora, ikiendelea kuvutwa, hakuna wingi wa mchicha utakaofidia madhara yake kwa moyo.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Katika kliniki, swali "unakula mboga?" hujibiwa "ndiyo" na karibu kila mtu. Swali lenye manufaa ni hili: "Jana ulikula mboga gani, kiasi gani, na ilitoka wapi?" Jibu linaonyesha kama tatizo ni elimu, fedha, maji au mapishi. Mgonjwa anayejibu kwamba hakula mboga kwa kuwa fungu limepanda bei hahitaji somo jingine la vitamini. Anahitaji kuelekezwa kwa kikundi cha bustani na kwa afisa ugani wa kata.

Mhudumu wa afya wa jamii anaweza kufika bustanini mara moja kwa mwezi akiwa na mashine ya shinikizo. Mtu mzima ambaye vipimo vyake vinarudiwa siku tofauti na kubaki 140/90 au zaidi apelekwe kituoni. Hivyo bustani huwa pia mahali pa kuwapata wanaume na vijana ambao hawaji kliniki mpaka wawe wamebebwa. Kikundi kiandike vipimo vya kila mwanachama anayeridhia, na kadi zao zitunzwe kwa siri kama zinavyotunzwa kituoni.

Wakati wa kuanza ni Aprili, mvua zikiwa bado hazijaisha: kupata ardhi, kusafisha kisima, kujenga uzio na kukausha nsansa. Kitalu cha Mei hutoa mboga ya Juni. Matuta yakipandwa kwa awamu na maji yakigawanywa kwa haki, kikundi kitafika Septemba kikiwa na kitu cha kuchuma, na mgonjwa atakayeulizwa kliniki jana alikula nini atakuwa na jibu la kutaja kwa jina.